Mimba Kuharibika: Je, Ni Ila ya Mke Peke Yake?

Mimba ya mke ikiharibika mara moja, watu humpa pole. Ikiharibika mara ya pili, huanza kunong'ona. Ikiharibika mara ya tatu, hukumu imekwisha kukatwa: mwanamke huyu ana ila; mume na amwache, au aoe mwengine. Katika hukumu hiyo, mume hakuulizwa hata neno moja. Je, hiyo ni haki?

Swali hili si la mji mmoja. Huku Isiolo, kiasi cha kilomita 285 kaskazini ya Nairobi, mji waliokaa askari wa Kisomali baada ya vita vya 1914 hadi 1918, na ambao leo Waborana, Wasomali na Waislamu wengine husimama safu moja misikitini, maneno ni yale yale yasemwayo Mombasa na Lamu. Kama huko pwani, huku nako yuko Kadhi wa kuamua mambo ya ndoa na talaka, na Katiba ya Kenya ya 2010 imemthibitishia mamlaka hayo. Lakini Kadhi haamui asiloletewa. Hukumu tunayoisema hukatwa barazani na majikoni, bila ya shahidi wala ushahidi.

Basi na tuwasikilize wajuzi wa utabibu. Mtoto huumbwa kwa yai la mke na mbegu ya mume, na kila mmoja huleta nusu ya vinasaba. Kiasi cha nusu ya mimba ziharibikazo katika miezi mitatu ya mwanzo huwa na kasoro ya kromosomu. Nyingi ya kasoro hizo hutoka katika yai, lakini si zote. Mwaka 2019 wataalamu wa Imperial College London walitangaza uchunguzi wao: waliwalinganisha wanaume 50, ambao wake zao waliharibikiwa na mimba mara tatu au zaidi mfululizo, na wanaume 60 wasiofikwa na msiba huo. Vinasaba katika mbegu za wale wa kwanza vilikuwa vimeharibika kiasi cha mara mbili kuliko vya wenzao.

Uchunguzi huo ni wa watu wachache, wala hauthibitishi kuwa mume ndiye sababu. Lakini watosha kutufunga midomo. Mume husema, "Mke wangu hushika mimba kwangu, basi mimi ni mzima." Kumbe mbegu yaweza kutunga mimba nayo imebeba vinasaba vilivyoharibika. Tumbaku, unene uliopita kiasi, joto jingi na umri mkubwa huzidhuru mbegu. Nazo huchukua kiasi cha miezi mitatu kukamilika. Aachaye sigara leo asitazamie faida kesho.

Wako wasemao, "Haya ni kadari ya Mungu, ya nini kumpima mwanamume?" Twawajibu: ikiwa ni kadari, mke ana dhambi gani hata aachwe? Na ikiwa mwatafuta sababu, itafuteni kwa wote wawili. Mtume wetu ameuamrisha umma wake kujitibu, wala hakuwatoa wanaume.

Tena tumtazame Nabii Zakariya. Katika Sura ya Al-Imran, alipobashiriwa mtoto, aliutaja kwanza uzee wake mwenyewe, kisha ndipo akautaja utasa wa mkewe. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi walipohesabu ila za ndoa, walizitaja za mume na za mke pia. Mwili wa mwanamume haukuwa mwiko kwao. Vipi uwe mwiko kwetu?

Wala hatusemi lawama itolewe kwa mke itwikwe mume. Mara nyingi, baada ya vipimo vyote, sababu haionekani kwa yeyote, na wengi katika watu hao baadaye hupata watoto. Tusemalo ni hili: mume na aandamane na mkewe kwa daktari, aeleze umri wake, maradhi yake na sigara zake, wala asimwache akajibu peke yake. Na mama wa mume auzuie ulimi wake.

Mtoto akizaliwa, mume humwita wake, na nasaba ni yake. Basi asiyezaliwa naye ni wake pia. Na aichukue sehemu yake ya msiba.