Nani Abebe Hasara?

Watu wengi hudhani kwamba dhambi ya biashara ni wizi tu. Lakini iko dhulma nyingine isiyoonekana upesi, nayo ni mtu kuchukua faida peke yake na kuwaachia wenziwe hasara. Natutazame mfano mmoja.

Katika miaka iliyotangulia 2008, tawi moja dogo la AIG, shirika kubwa la bima la Marekani, liliyauzia mabenki ahadi kwamba mikopo fulani isipolipwa, lenyewe litalipa. Mingi katika mikopo hiyo ilihusu ununuzi wa nyumba. Kwa kila ahadi tawi lilipokea ada, na wakuu wake wakajipatia mapato makubwa. Akiba ya kutosha kutimiza ahadi hizo hawakuiweka, kwani hawakutazamia kwamba bei za nyumba zingeanguka nchi nzima. Zikaanguka.

Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilifilisika, na hofu ikaenea duniani. Siku iliyofuata Benki Kuu ya Marekani ikakubali kuikopesha AIG hadi dola bilioni 85, na baadaye jumla ya misaada iliyoahidiwa ikafikia kama dola bilioni 182. Kisha Machi 2009 ikajulikana kwamba watumishi wa tawi lile lile wamelipwa bakshishi za dola milioni 165 hivi. Wakubwa wa shirika walijitetea kwamba mikataba ilikwisha kufungwa.

Je, serikali ilikosea kuokoa? Hapana budi tuwe waadilifu katika kujibu. Kama shirika lile lingeachwa lianguke, wangeumia watu wengi wasio na hatia. Chombo kikizama, hazami nahodha peke yake. Tena, kufikia mwisho wa 2012 serikali ilitangaza kwamba imekwisha kurudishiwa fedha zake zote pamoja na faida. Basi ubaya uko wapi?

Ubaya hauko katika kuokoa chombo, bali katika kumtunza nahodha aliyekipandisha mwambani. Kurudishwa kwa fedha hakufuti jambo hili: kwa miaka minne hatari ilikuwa juu ya mabega ya walipa kodi ambao hawakuulizwa, wala hawakuwa na fungu katika faida ya zamani. Na wengi waliopoteza kazi na nyumba katika msiba ule hawakuwa na mkataba wa kuwalinda.

Sheria ya Islam inafundisha kwamba haki ya faida hufuatana na dhamana ya hasara. Asiyekubali kubeba hasara hana haki ya kudai faida. Kanuni hii ni kinga pia, kwa sababu mtu ajuaye kwamba hasara itamfika mwenyewe hupima kabla ya kuahidi. Lakini ajuaye kwamba atalipiwa na wengine, hofu humtoka na tamaa hushika usukani.

Ndugu msomaji, tusiwahukumu wakubwa wa mbali tu. Mweka hazina akopeshaye fedha za chama ili ajipatie chochote, kisha zikipotea akawaambia wenziwe "ni bahati mbaya", amefanya jambo lile lile kwa kiasi kidogo. Mali ya watu ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa. Mwenyezi Mungu atujalie kuogopa hesabu hiyo kabla haijafika. Amin.