Je, Kila Nyongeza Yastahili Hataza?

Ndugu msomaji, hataza ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine, kwa miaka maalumu, wasiutengeneze wala kuuuza uvumbuzi wake. Hivyo haki apewayo mmoja ni katazo kwa wengine wote. Yafaa basi tuulize: je, aliyeongeza jambo dogo tu katika chombo tukitumiacho kila siku, astahili hati hiyo?

Mwaka 1858, Hymen Lipman wa Philadelphia, Marekani, alipewa hataza ya penseli yenye mpira wa kufutia katika ncha yake ya pili. Joseph Reckendorfer aliinunua haki hiyo, kisha akamshtaki Faber, mtengenezaji wa penseli. Lakini mwaka 1875 Mahakama ya Juu ya Marekani iliibatilisha hataza hiyo. Penseli iliendelea kuandika kama penseli, na mpira kufuta kama mpira. Kuviunganisha hakukuzaa tendo jipya.

Huenda ukasema: "Lakini watu walinufaika!" Ni kweli. Ila manufaa yana ujira wake sokoni, kwani atengenezaye kitu cha kufaa hupata wanunuzi. Hataza yadai zaidi ya hapo: yamfunga mikono fundi mwingine. Na kumkataza fundi jambo ambalo ujuzi wake wa kawaida ungemfikisha, ni kumdhulumu.

Wala tusidhani kuwa udogo ndio kasoro. Wengine walikwisha tia miiba katika waya wa ua kabla ya Joseph Glidden wa Illinois. Yeye aliuzungusha mwiba kwenye waya mmoja, akausokota waya wa pili ili kuukaza mahali pake, akapata hataza mwaka 1874. Mwaka 1892 mahakama ile ile iliithibitisha. Hatua ilikuwa ndogo, lakini ndiyo iliyotenganisha kushindwa na kufaulu.

Jambo likisha onyeshwa huonekana jepesi. Kwa hiyo mwamuzi mwadilifu haulizi kama leo ni rahisi, bali huuliza kama mafundi waliolitafuta kabla walikwama.

Basi, msomaji mpenzi, tumlipe mvumbuzi deni la kile ambacho bila yeye tusingalikuwa nacho. Bali kile ambacho fundi yeyote angalikifikia kwa kazi yake ya kila siku, kibaki mali ya wote.