Nani Atakaa Ndani?

Ziko nchi ambazo mtu wa kawaida, karani au mwalimu, siku ya mapumziko hulipeleka gari lake kwenye uwanja wa mbio, kama Silverstone kule Uingereza au Kyalami ya Afrika Kusini, akalipa kiingilio na kulikimbiza bila kushindania kombe lolote. Ni starehe ya wenye nazo, sikatai. Lakini hebu tazama anavyoliandaa.

Kwanza anamwaga mafuta ya breki na kutia mapya. Kwa nini? Kwa sababu mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo, na breki zikipata moto sana yale ya zamani huchemka, mapovu yanajaa kwenye mabomba, ukikanyaga pedeli inazama kama umekanyaga tope. Anapima unene wa pedi. Anatikisa kila tairi kusikiliza beringi. Anatoa jeki, spea, hata chupa ya maji iliyosahauliwa chini ya kiti, isije ikabingirika mpaka kwenye pedeli. Nati za tairi anazikaza kwa spana ya kipimo, na baada ya mizunguko michache anazikagua tena. Mkaguzi akikuta tairi kipara, gari haliingii. Habari imeisha, bwana.

Yote hayo kwa ajili ya roho moja, tena iliyojipeleka yenyewe.

Sasa njoo gereji za hapa Igogo. Imeletwa Hiace ya abiria, pedi zimekwisha mpaka chuma kinalia juu ya chuma. Fundi anasema. Tajiri anajibu: "Funga hivyo hivyo, wiki ijayo tutaona." Siku ya ukaguzi ikikaribia, tairi nzuri zinaazimwa kwa jirani, gari linapita, jioni zinarudi kwa mwenyewe. Na hayo nayo ni maandalizi ya siku moja!

Wengi watasema ni umaskini. Mimi naona ni nusu ya jibu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, si gari la kutoka dukani. Alikuwa fundi, mtoto wa gereji. Ndani ya gari alikaa yeye na ndugu yake Jaswant. Aliyelijua gari ndiye aliyekaa ndani yake, na kama nati ingelegea, ingelegea juu ya kichwa chake na cha ndugu wa tumbo moja. Nadhani hapo ndipo penye siri, kuliko kwenye pesa.

Kwenye daladala watu hao wamegawanyika. Anayelipa ni tajiri, anayekaza ni fundi, anayeendesha pengine ni dei waka aliyepewa gari leo asubuhi, na anayekaa ni mama anayepeleka dagaa sokoni. Kila mmoja ana wa kumsingizia, isipokuwa huyo mama. Waliolala kule Igoma tangu MV Bukoba ilipozama Mei 21, 1996, nao walikata tiketi tu. Nani aliwaambia meli imebeba kiasi gani?

Basi lawama tumpe nani? Tajiri anayo sehemu kubwa, hilo halina mjadala. Ila mimi namtazama fundi, kwa sababu yeye ndiye aliyeona kwa macho. Dereva anasikia mlio, tajiri anasikia bei, fundi ameshika pedi mkononi. Anayejua na anayekisia hawawezi kuwa na dhambi sawa. Najua utaniuliza: akikataa, watoto wake watakula nini, na gereji ya pili iko hatua ishirini? Swali hilo ni zito, na sidhani ni haki gharama ya kukataa imwangukie yeye peke yake.

Yuko fundi mmoja mtaani kwetu hagombani na mtu. Akiambiwa afunge hivyo hivyo, anafunga, kisha anafuta mikono, anafungua mlango wa mbele wa abiria na kusema: "Tajiri, panda basi, tuijaribu kwenye mteremko wa Bugando." Wako wanaokuna kichwa na kutoa pesa ya pedi mpya. Wako wanaochukua funguo na kuondoka.