Pesa za Kuonyesha

Hapa kwetu Kigwena, kijana anayeomba viza ya Ubelgiji huchangiwa na ndugu: pesa za mawese na dagaa zikae benki, taarifa ya akaunti itolewe, kisha kila mtu arudishiwe chake. Watetezi husema hakuna kilichoghushiwa, tarakimu ni za kweli. Basi tukumbuke Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa. Cha juu kilikuwa kikavu kweli! Alichokemea ni kumficha mnunuzi cha chini.

Isitoshe, sheria ya viza za Schengen inamtambua mdhamini; ami mwenye uwezo na aandike kwa jina lake. Asiye na mdhamini ndiye mwenye mtihani hasa. Kusema kweli huenda kukamkosesha safari, na bado sioni ruhusa.