Je, Mpita Njia Ana Haki Shambani Mwetu?



Miaka mingine, mvua zikiisha kunyesha, twawaona vipepeo weupe wenye umanjano wakipita Korogwe na Handeni kwa maelfu, wote wakielekea upande mmoja kana kwamba wameitwa. Hupita juu ya katani, juu ya barabara na juu ya kanisa, wala hawageuki. Jambo hili si geni. Bwana C. B. Williams, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi Amani, hapo jirani milimani Usambara, alitoa kitabu juu ya kuhama kwa vipepeo mwaka 1930.

Swali letu ni hili: mpita njia asiye mali ya mtu, nani ana wajibu wa kumtunza?

Zamani tulipokuwa tukifundisha, tuliwaamuru wanafunzi wafyeke na kuchoma pembe zote za shamba la shule. Kichaka kimoja cha mwingajini kilijaa viwavi vya kijani. Mtoto akauliza, "Mwalimu, na hawa nao wachomwe?" Tukamjibu, "Choma, ni wadudu tu." Viwavi wale walikula majani ya mwingajini, si mahindi yetu. Ndio watoto wa vipepeo wale tuliowasifu walipopita. Mtoto aliuliza vema; sisi walimu tulijibu vibaya.

Tazama Marekani ya Kaskazini. Kipepeo aitwaye monaki husafiri mpaka misitu ya Mexiko kukwepa baridi. Msimu wa 1996–97 walijaza hekta 18 hivi za msitu. Msimu wa 2023–24 hekta 0.9 tu. Sababu mojawapo ni dawa za kuua magugu, zilizomaliza mmea wanaokula viwavi wake. Hakuna mkulima aliyekusudia kuwaangamiza. Kila mmoja alisafisha shamba lake tu. Watu wengi sasa wanaupanda tena mmea ule, na msimu wa 2024–25 vipepeo walifika hekta 1.79. Bado ni wachache, lakini twatumaini kwamba kosa la wengi laweza kutengenezwa na wengi.

Mtu atasema, "Kwanza binadamu, sisi tuna njaa." Ni kweli. Hatuwezi kumtanguliza kipepeo mbele ya mtoto asiyekula. Lakini tujipime: je, kila tunachochoma twakichoma kwa sababu ya njaa? Mara nyingi ni mazoea, au kuogopa jirani atasema shamba letu ni chafu.

Torati iliwaagiza Waisraeli wasivune mpaka pembeni mwa shamba, bali wawaachie maskini na mgeni. Mwenye kudai haki yake hutushurutisha. Asiyeweza kudai hutupima. Nasi twasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi msimu ujao, kabla ya kuwasha kiberiti, tulizunguke shamba kwanza, tutazame nani amekaa pembeni. Na mtoto akituuliza, tusiwe wepesi wa kujibu.