Siku Moja ya Homa

Kila mwaka, mwezi wa Mei ukikaribia, shirika la takwimu la KNBS hutoa kitabu cha kutuambia uchumi umekua kiasi gani. Mwaka 2023 ulikua kwa zaidi ya asilimia 5. Mwaka 2024, asilimia 4.7. Na kwenye hesabu za kaunti, Nairobi huwa juu kabisa. Jiji hili peke yake hutoa zaidi ya robo ya pato la nchi nzima, ilhali sensa ya 2019 ilihesabu humu watu milioni 4.4, chini ya mmoja kati ya kila Wakenya kumi.

Tarakimu zikitoka, mtaani husikika swali moja tu: "Sawa, umekua. Umekulia wapi?" Watu hucheka, kisha maisha yanaendelea. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sitajifanya mwanauchumi. Lakini nadhani lile swali la kuchekesha ni swali zito la maadili, na linastahili jibu.

Tuanze na maneno yenyewe. "Pato" linatoka kwa "kupata", na kupata lazima kuwe na mwenye kupata. Nikisema nimepata, unaweza kuniuliza nimeweka wapi. Tukisema Nairobi imepata, hakuna mtu anayeitwa Nairobi wa kuulizwa. "Kukua" nako ni hivyo hivyo. Mtoto akikua tunamjua, maana ni yeye anayelia kwamba viatu vinambana. Lakini uvimbe pia hukua, na hakuna anayempongeza mgonjwa. Kwa hivyo kabla ya kupiga makofi ni haki kuuliza: ni nini kinachokua, na uzito wake umebebwa na nani?

Angalia viwanda na biashara zinazolibeba jiji. Kuna mabenki na bima, Upper Hill hadi Westlands. Kuna Umoja wa Mataifa kule Gigiri, tangu miaka ya 1970. Kuna simu na teknolojia, ambazo baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007 zilifanya hata wageni waje kujifunza kwetu. Kuna majengo yanayoota Kilimani na Ruaka kama uyoga. Kuna viwanda vya Enterprise Road na Lunga Lunga, maua yanayopakiwa ndege JKIA usiku, biashara ya Eastleigh, mitumba ya Gikomba. Ukisimama kwenye daraja lolote la Thika Road saa kumi na mbili asubuhi, utaona kwamba jiji hili halilali na halicheki na kazi.

Lakini kila moja ya biashara hizo ina mlango wa nyuma. Kiwanda kina vibarua wanaosimama getini alfajiri wakisubiri kuchaguliwa. Jengo lina watu wa mjengo wanaolipwa jioni. Benki ina mlinzi na mfagiaji walioletwa na kampuni nyingine. Duka la mtandaoni lina kijana wa boda mwenye pikipiki ya mkopo. Hata ile teknolojia tunayojivunia ina mlango huo: mwaka 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi ya kutisha, ili ChatGPT ifunzwe kuyatambua.

Watu hawa tunawaita sekta isiyo rasmi. Jina hilo lilipata umaarufu duniani kupitia ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972. Sisi tulikuwa na letu: jua kali, kwa sababu fundi alifanya kazi bila paa. "Isiyo rasmi" inasikika kama kitu cha pembeni, masalio. Ila takwimu zile zile za serikali zinasema zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi nchini wako huko, na kati ya nafasi mpya za kazi za mwaka 2024, karibu tisa kwa kila kumi zilikuwa za huko. Kitu ambacho ni tisa kati ya kumi hakiko pembeni. Hicho ndicho uchumi wenyewe. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Wangeongeza: na aliyeunda anaishi wapi?

Sasa, tofauti kati ya mlango wa mbele na ule wa nyuma ni nini hasa? Wengi watasema mshahara. Mimi nasema ni homa.

Chukua watu wawili. Mmoja ni karani wa benki, mwingine ni kibarua wa kiwanda. Wote wawili wameamka Jumanne na homa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema mfanyakazi akishatimiza miezi miwili mfululizo kazini, ana haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 nyingine kwa nusu mshahara, kila mwaka. Karani atapiga simu ofisini, atameza dawa, atalala. Jumanne yake imelipwa. Kibarua aliyeajiriwa kwa siku hana miezi miwili ya kuhesabu, kila asubuhi yake ni ya kwanza. Jumanne yake ikipotea, chakula cha Jumanne kimepotea, na nauli ya Jumatano pengine imekwenda nayo. Mimi mwenyewe ninayelipwa kwa kila makala naijua hesabu hiyo: nikilala, hakuna neno, na bila neno hakuna pesa.

Hicho ndicho kipimo changu cha ukuaji. Mji umekua kwa mtu fulani pale ambapo anaweza kuugua siku moja bila kuanguka. Kama hawezi, basi mji umekulia juu yake.

Hesabu hii ni ya zamani kuliko sisi. Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Wakoloni walitaka mikono ya Waafrika relini, jikoni na maofisini, lakini hawakutaka Waafrika wenyewe wakae. Ndiyo maana kukawa na kipande, kilichoonyesha umeajiriwa na nani. Kazi ikiisha, ulitarajiwa kurudi kwenu. Ukiugua au ukizeeka, shamba na ukoo vingekulea. Mwajiri alinunua siku zako nzuri, na siku zako mbaya akawaachia ndugu zako. Kipande kilikufa lakini hesabu ile haikufa. Leo programu ya simu inamwita kijana wa boda "mshirika" wala si mfanyakazi. Pikipiki ni yake, mkopo ni wake, mguu ukivunjika ni wake. Mapato ndiyo yanayogawanywa.

Nimebishana kuhusu haya na rafiki yangu mmoja mhasibu, naye ana hoja mbili ambazo siwezi kuzipuuza.

Ya kwanza: "Buda, hakuna aliyewalazimisha. Wamekuja Nairobi wenyewe kwa sababu kwao ni kugumu zaidi." Ni kweli. Mtu aliyetoka kijijini akapata kibarua Mukuru hataki kuambiwa na mwandishi kwamba alidanganywa. Anajua alichofanya. Lakini mtu akichagua kati ya njia mbili zenye mashimo, kuchagua kwake hakumwondolei lawama mwenye jukumu la kuziba mashimo. Ameikubali kazi. Hajakubali kwamba hatari yote iwe yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: "Ukiwalipia wote siku za homa, gharama itapanda, wawekezaji watahama, na hata hicho kibarua kitapotea. Wacha keki ikue kwanza." Hii si hoja ya jana. Mwaka 1965 serikali, katika waraka wake nambari 10 kuhusu ujamaa wa Kiafrika, iliamua kuelekeza fedha za maendeleo mahali zitakapozaa zaidi, kisha faida isambae. Imepita miaka 60 na bado tunaambiwa tusubiri isambae. Ninakubali kwamba kulipia homa kuna gharama, na pengine ile asilimia 4.7 ingepungua kidogo. Sioni aibu kusema hivyo. Mji unaokua polepole huku watu wake wakiweza kuugua ni bora kuliko mji unaokimbia juu ya migongo yao.

Tena gharama yenyewe haikwepeki. Tayari inalipwa, ila anayeilipa siye tunayemfikiria. Fungua WhatsApp yako. Una vikundi vingapi vya mchango? Bili ya hospitali ya mjomba wa rafiki, mazishi ya mtu wa ploti, karo ya mtoto wa jirani. Ongeza chama cha wamama kila Jumapili, na deni kwa mama mboga ambaye naye hana wa kumkopesha. Tunaita huo utu, na ni utu kweli. Lakini pia ni ruzuku. Mfanyakazi akiugua na mwajiri asilipe, mia mia zetu za M-Pesa ndizo zinazomrudisha kazini akiwa mzima, amtengenezee mwajiri faida. Maskini wanawachangia wenye kampuni bila kujua, na hakuna anayeandika asante.

Serikali nayo haijaelewa vizuri mfuko wa mtu wa jua kali. Bima mpya ya afya, SHA, ilipoanza Oktoba 2024, mwenye mshahara alikatwa asilimia 2.75 kila mwezi bila kuhisi sana. Asiye na mshahara, sheria ilimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Yaani anayepata pesa kwa siku ndiye aliyeambiwa apange kwa mwaka.

Na sisi je? Ni rahisi kumtupia serikali kila jiwe. Lakini vijana wa mjini tunaosoma makala kama hizi pia ni waajiri, japo wa dakika ishirini. Mvua ikinyesha tunaagiza chakula kwa sababu hatutaki kulowa. Mtu mwingine analowa, na akichelewa tunampa nyota mbili. Sisemi tuache kuagiza, yeye anaihitaji ile kazi. Nasema tukiwa wateja, wapiga kura na wenye midomo mirefu mtandaoni, tudai kwamba anayeleta chakula awe na siku ya homa iliyolipiwa na biashara inayomtuma. Bei ya chipsi ikipanda shilingi ishirini kwa sababu hiyo, tusipige kelele. Tukipiga, basi tulikuwa tunataka haki ya bei rahisi.

Ningependa kile kitabu cha kila mwaka kiongezewe jedwali moja. Kando ya asilimia za ukuaji, liandikwe: kati ya watu walioujenga mji mwaka huu, ni wangapi wangeweza kukosa kazi siku moja na bado wakala jioni? Halihitaji mtaalamu kulisoma. Likipanda, tutakuwa na sababu ya kusherehekea, na mtaani hakuna atakayeuliza uchumi umekulia wapi.