Je, Kupenda ni Lazima Kuona?

Mwezi wa Septemba, 1940, vijana wanne waliingia pango la Lascaux, karibu na Montignac katika nchi ya Ufaransa, wakakuta ukutani picha za farasi, mafahali na ayala. Zilikuwa zimekaa gizani yapata miaka 17,000 au zaidi. Waliozichora walikuwa wawindaji, wasiojua jembe wala chuma. Walisaga mawe ya rangi, wakafanya kazi kwa mwanga wa taa za mawe zilizotiwa mafuta ya wanyama.

Mwaka 1948 pango likafunguliwa, na watu wakaja kwa mamia kila siku, si kuharibu bali kustaajabu. Walakini pumzi zao na joto la miili yao vikaleta uoto wa kijani kutani. Mwaka 1963 serikali ikalifunga. Tangu 1983 wageni huonyeshwa mfano wake uliofanyizwa karibu na hapo.

Wengine hunung'unika: kitu kizuri kisichoonekana chafaa nini? Twajibu: hazina hii si yetu peke yetu. Waliochora wamekufa, na watakaozaliwa hawana bado sauti ya kudai. Sisi tulio katikati tu wadhamini tu. Mwizi twamfungia mlango bila shaka moyoni. Mpenzi asiye na kiasi ni mgumu kumzuia, kwa kuwa dhamiri yake haimshitaki. Basi, ndugu msomaji, haitoshi kuuliza kama nia yetu ni njema. Yatupasa kuuliza pia twaacha nini nyuma yetu.